Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Kapkatet,
11 Machi 2023

Kwako Mjomba Opondo,

Naomba barua hii ikukute mzima, na goti la Mama Molly liwe limepata nafuu tangu Krismasi. Sisi hatujambo. Mama bado yuko zamu ya asubuhi kiwandani, na bado anagombana na msimamizi wake kuhusu aproni. Mdogo wangu Ooko yuko kidato cha tatu. Anasema atakuwa rubani. Mama anasema kwanza aoshe sufuria. Mvua ya mawe ilipiga wiki iliyopita ikachana majani ya chai ya wakulima wa huku juu, na kwa siku tatu hakuna aliyepeleka kitu kwenye mzani.

Naandika barua kwa sababu simu haikufai, na ujumbe mfupi unausoma bila miwani kisha unajibu "sawa" kwa kila kitu, hata siku ile nilipokuuliza kama ng'ombe amekufa.

Jambo lenyewe ni gari. Ni Probox nyeupe ya Mwalimu Rebeccah, anayefundisha shule ya msingi upande wa Litein. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na mbili, na anaendesha kama anavyoandika ubaoni: polepole, kwa mistari iliyonyooka. Mwezi wa pili alipita juu ya maji akidhani ni dimbwi, kumbe ni shimo. Gurudumu la mbele kushoto likaingia lote. Alipotuletea gari, usukani ulikuwa ukitetemeka mikononi ukifika mwendo wa themanini, na ukiuachia kidogo tu, gari linavutwa kushoto.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Rimu ilikuwa imepinda. Nikaibadilisha, mtetemo ukaisha. Tairi nililipapasa ndani na nje, halikuwa na uvimbe. Tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu usukani unapogeuzwa, ilikuwa imejikunja, nikaweka mpya. Shokapu halikuvuja. Nililisukuma kwa uzito wangu wote mara tatu, na kila mara gari lilipanda likatulia mara moja. Bushi, zile raba za kwenye viungo, zilikuwa nzima. Kisha nikapanga magurudumu ya mbele kwa mashine mpaka taa zote zikawa kijani. Nililijaribu barabarani. Lilikwenda vizuri. Nikatia sahihi kadi ya kazi kwa jina langu lote, Jentrix Adoyo, kwa sababu kazi yangu siionei haya.

Siku ya nne Mwalimu akarudi.

"Adoyo, gari inatembea vibaya."

"Inavuta upande gani, Mwalimu?"

"Haivuti. Inatembea kama ng'ombe anayepita barabarani akiangalia mahindi ya jirani. Miguu inaenda mbele, macho yako kwingine."

Sagini, fundi mwenzangu, akacheka. "Mwalimu, hii ni Probox, haina macho."

"Mimi nimechunga ng'ombe kabla wewe hujazaliwa," Mwalimu akamwambia, wala hakutabasamu.

Nikalirudisha kwenye mashine. Kijani. Akarudi tena wiki iliyofuata. Kijani. Mara ya tatu Bethwel, mwenye karakana, alimwambia kwa upole kwamba huo ni woga tu wa lile shimo, utaisha. Mwalimu aliondoka bila kuaga.

Sasa nikwambie kinachoninyima raha. Bethwel anafungua karakana ya pili Sigor katikati ya mwaka, na amesema mbele ya wote kwamba atakayeisimamia ni mimi. Mimi, mwenye miaka ishirini na sita, mwanamke, mtoto wa watu waliokuja kutoka ziwani kuchuma chai ya wengine. Sitaki gari lirudi mara ya nne na jina langu likiwa kwenye kadi. Niambie nimepitwa na nini.

Mtoto wa dada yako,
Adoyo

* * *

Chepseon,
26 Machi 2023

Kwa okewa wangu Adoyo, mtoto wa dada yangu Syprose,

Barua yako imeletwa na Phelix wa lori la maziwa, ina alama ya kikombe mgongoni. Nimemwambia barua si kisahani. Sisi tuko. Goti la Molly linamsumbua akipanda mlima, akiteremka halimsumbui, kwa hiyo siku hizi anapenda kwenda sokoni ila kurudi hapendi. Viazi vimekubali. Ng'ombe hakufa, alizaa. Masikio yangu yalibaki kwenye karakana ya mashamba ya chai nilipostaafu, na sijasikia kwamba yanarudi.

Mwambie Ooko rubani naye huosha sufuria.

Sasa gari. Umeniandikia ukurasa mzima wa ulichofanya na mistari miwili ya alichosema Mwalimu. Mimi ningeanza na ile mistari miwili. Mtu anayeendesha gari moja kila siku analijua kwa makalio yake kuliko wewe unavyolijua kwa mashine. Amekwambia miguu inakwenda mbele, macho yako kwingine. Wewe ukaenda kupima macho.

Mashine yenu inapima magurudumu mangapi? Kama ni ile ya vichwa viwili, inapima ya mbele tu. Basi taa ya kijani inakwambia magurudumu ya mbele yanakubaliana. Haikwambii kama ya nyuma yalikuwepo kwenye mkutano.

Fanya hivi. Kwanza kaa kwenye kiti cha dereva, nenda moja kwa moja mahali pa tambarare, utazame usukani. Je, umekaa sawa, au umelala upande ndipo gari linyooke? Pili, mwaga maji mbele ya saruji kavu. Pita majini polepole, usukani usiuguse, nenda mpaka magurudumu yote manne yaache alama. Shuka utazame. Alama za nyuma zinapaswa kukanyaga za mbele. Zikikaa pembeni, gari linatembea mshazari. Tatu, chukua kamba isiyovutika. Nyoosha magurudumu ya mbele, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia, kisha kushoto. Namba mbili zikitofautiana, ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, imesogea. Ndivyo tulivyofanya kwa trekta na lori kabla mashine yenu haijazaliwa.

Kuna jambo la pili. Umeandika: "Nililijaribu barabarani. Lilikwenda vizuri." Mtu aliyenipa mistari miwili juu ya shokapu lisilovuja, jaribio lake la barabarani ni maneno manne. Ulilijaribu wapi?

Na kutoka Kapkatet hadi Chepseon huhitaji ndege ya Ooko. Mbona huji? Unajua mimi uso wa mtu nausoma vizuri kuliko mwandiko wake.

Mjomba wako,
Opondo

* * *

Kapkatet,
17 Aprili 2023

Kwako Mjomba,

Tumefurahi kusikia kuhusu ndama. Pasaka tuliila kwa Janeffer, jirani yetu, aliyechinja kuku wawili, kisha mmoja akakimbia bila kichwa hadi kwa mchungaji. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Mvua sasa ni ya kila alasiri, na majani yamerudi kwa wingi. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana, na Mama ameongezewa saa.

Mjomba, ulisema kweli. Nilimwomba Mwalimu aniachie gari Jumamosi moja. Usukani ulikuwa umelala kulia, kidogo tu, lakini ukishauona huwezi tena kutouona. Nikamwaga ndoo mbili mbele ya karakana na kupita. Alama za nyuma ziliangukia kulia kwa za mbele, vidole viwili vyembamba. Nilisimama nikazitazama hadi zikakauka. Kisha kamba. Upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa milimita kumi na tano. Nilipima mara nne kwa sababu sikuamini, kisha mara ya tano kwa sababu niliamini.

Kwa hiyo pua ya gari inatazama kushoto wakati gari lote linakwenda mbele. Mahindi ya jirani. Mwalimu alikuwa sahihi kwa kila neno na sisi watu wa spana tulimcheka.

Nilikimbia ofisini kumwambia Bethwel. Alikuja, akashika kamba mwenyewe, akapiga mluzi. "Adoyo, hii ungeipata wapi kwenye kitabu?" Nilijivuna, Mjomba, sikatai. Kisha akasema, "Basi hilo shimo lilikuwa kali kuliko Mwalimu alivyotwambia."

Mimi sikusema kitu.

Bethwel akampigia Mwalimu, naye akaja na mwanawe mkubwa, Kipngeno, ambaye hata shati lake la kazini ana njia ya kulivaa kama sare. Bethwel akawaeleza kwamba gurudumu la mbele liliingia na la nyuma likafuata, na ekseli imesogea. Kipngeno akamgeukia mama yake mbele yetu sote.

"Mama, shimo moja, umevunja mbele na nyuma?"

"Nyuma sikusikia ikigonga," Mwalimu alisema.

"Hukusikia kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Wachana na barabara, Mama. Umri wako si wa mambo haya."

Akachukua ufunguo mezani akautia katika mfuko wa shati. Mwalimu alinitazama mimi, kama anayetazama mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono. Kisha akaenda kusimama nje, mvuani.

Siku hizi anakwenda shuleni kwa bodaboda, na vitabu vya watoto amevifunga kwa karatasi ya nailoni. Hilo ni jambo la familia yao, si la karakana.

Ekseli nyingine tunaitafuta kwa wauzaji wa magari makuukuu. Sigor itafunguliwa tarehe moja Julai. Bethwel amenionyesha mahali dawati langu litakapokaa.

Kuhusu ulichouliza: nililijaribu kwenye barabara ya kituo cha kununulia majani, kama kawaida. Na sijaja kwa sababu kazi ni nyingi.

Adoyo

* * *

Chepseon,
3 Mei 2023

Okewa,

Wote wazima. Molly anakusalimu. Ndama ananyonya vizuri ila ana kichwa kigumu, tumempa jina la mama yako.

Barua yako niliisoma zizini, nikairudia mezani. Kisha nikachukua kiberiti cha Molly, nikakifanya gari, nikakisukuma mbele mpaka kikapiga ukingo wa sahani. Nikakisukuma nyuma kikapiga tena. Molly alidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Gari likienda mbele likaingia shimo, shimo hulisukuma gurudumu kurudi nyuma. Kama shimo la Mwalimu ndilo lililosogeza ekseli, upande wa kushoto ungekuwa mrefu kuliko wa kulia. Wewe umeandika mfupi. Nikadhani umekosea kuandika. Lakini wewe namba hukosei tangu darasa la tatu, na umepima mara tano.

Basi gurudumu lile lilisukumwa kwenda mbele. Gari linalokwenda mbele haliwezi kufanya hivyo. Hilo lilikuwa likirudi nyuma, kwa nguvu, likapiga kitu kisichosogea.

Mwalimu wa mistari iliyonyooka hajasema popote kwamba alirudi nyuma.

Nani alirudi nyuma, Adoyo?

Sasa najua kwa nini huji. Sitamwambia mama yako. Wala sitakwambia la kufanya, kwa sababu nikikwambia litakuwa langu.

Opondo

* * *

Kapkatet,
4 Juni 2023

Mjomba wangu,

Mama ana kikohozi lakini anakwenda kazini. Ooko amekuwa wa pili katika hesabu, na sufuria anaosha. Barua yako imekaa chini ya godoro langu wiki tatu. Nilikuwa nikiitoa, naisoma mpaka pale pa kiberiti, naikunja.

Nilirudi nyuma mimi.

Ilikuwa siku ile ya kulijaribu. Nilifika kituo cha majani, nikataka kugeuza. Pale kuna ukingo wa saruji kando ya mfereji, wewe unaujua. Wanaume watatu walikuwa wameketi juu ya magunia wakisubiri mzani. Mmoja akasema kwa sauti, "Haya, tuone kama fundi anaweza kugeuza." Ningeweza kugeuza kwa mara tatu, polepole, kama mtu mwenye akili. Nilitaka mara moja. Nilikata usukani wote nikarudi nyuma kwa kasi, nikimtazama yeye badala ya kioo. Gurudumu likapiga ukingo. Gari lote likaruka. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka juu ya gunia.

Nilishuka nikatazama rimu. Haikuwa na mkwaruzo, tairi ndilo lililopokea. Nikajiambia si kitu. Hilo ndilo nililojiambia kila Mwalimu aliporudi. Usidhani nilijua nikadanganya tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najua bila kujiruhusu kujua. Nilikuandikia nikuombe unitafutie kosa, na nikakuficha mahali lilipo. Nadhani nilitaka ulikose, ili niwe na haki ya kulisahau. Lakini siku Kipngeno alipotia ule ufunguo mfukoni, hapo nilikuwa najua wazi kabisa, na nikanyamaza kwa sababu ya dawati la Sigor.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Alinikaribisha jikoni, akanipa chai na mahindi ya kuchemsha. Kipngeno naye alikuwepo, anatengeneza redio. Nilisema kabla ya kugusa kikombe, maana nilijua nikishakunywa chai yake sitasema.

"Mwalimu, shimo lako lilivunja mbele tu. Nyuma nilivunja mimi."

Kipngeno akaweka bisibisi chini. "Wewe?"

"Mimi. Nikigeuza gari pale kituo cha majani. Niligonga ukingo."

"Na ukanyamaza? Mimi nimemnyang'anya mama ufunguo mbele yako, na wewe umesimama hapo na kamba yako!"

"Ndiyo."

"Si useme kitu!"

"Nimeshasema. Sina kingine."

Mwalimu alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. "Kipngeno, leta ufunguo."

"Mama, gari liko karakana."

"Sikuuliza gari liko wapi."

Alikwenda chumbani akauleta. Mwalimu akaufuta kwa kanga, akautia kifuani, ndipo akanigeukia. "Ulikuwa unakimbilia wapi, kurudi nyuma namna hiyo?"

"Wanaume walikuwa wananitazama."

Akafunika mdomo kwa mkono wenye maganda. Alicheka, Mjomba, mabega yakatikisika. "Na mimi walinitazama, siku ya mtihani wa kuendesha. Niligonga pipa. Pipa likabingiria mpaka kwa askari." Kisha kicheko kikakatika kama umeme. "Lakini mimi sikusema ni pipa lilinigonga."

Nilitaka ardhi inimeze. Akanisukumia kikombe. "Kunywa. Na hiyo ekseli utaifunga wewe, kwa mkono wako. Huyo anayesema gari haina macho simtaki."

Jumatatu nikamwambia Bethwel. Akazungusha kalamu.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Ekseli imeshapatikana. Nani angejua?"

"Mjomba wangu alijua. Kutoka Chepseon, bila kuliona gari."

"Yule kiziwi?"

"Huyo huyo."

Akatikisa kichwa. "Kosa la gari si kitu, Adoyo. Mimi mwenyewe nimevunja mengi. Lakini Sigor sitakuwa naiona kila siku. Mtu aliyenificha jambo miezi mitatu hapa, mbele ya macho yangu, nitamwachiaje karakana nisiyoiona?"

"Huwezi."

"Basi nimpeleke nani?"

"Sagini."

"Sagini hajui nusu ya unayoyajua."

"Atajua."

Nilikwenda chooni nikalia, nikaosha uso, nikarudi kufunga ekseli. Nilipima kwa kamba: kushoto na kulia namba moja, bila hata milimita ya kujadili. Nikapita majini, alama zikakanyagana. Kwenye kadi ya kazi kuna mstari wa chanzo cha hitilafu. Hapo awali palikuwa pameandikwa "shimo." Nikapiga mstari juu yake, nikaandika: Mbele, shimo. Nyuma, fundi aligonga ukingo akirudi nyuma. Nikatia sahihi kwa jina lote. Sagini aliisoma akaniuliza kama ninaumwa.

Mwalimu alikuja kulichukua mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani. Alikwenda hadi njia panda ya Kaplong akarudi. Akashusha kioo. "Sasa inaangalia inakokwenda," akasema, akaondoka bila kuzima injini.

Jambo la ajabu ni kwamba tangu siku hiyo ninatembea nimejivuna, na sina cha kujivunia ukikitafuta kwa mkono. Sina Sigor. Vijana wa bodaboda wananiita Rivasi, gia ya kurudi nyuma. Lakini usiku ninalala.

Nikuulize, Mjomba. Miaka yote ile katika karakana ya mashamba, wewe uliwahi?

Adoyo

* * *

Chepseon,
18 Juni 2023

Okewa wangu,

Kikohozi cha Syprose anywe tangawizi, asinywe maneno ya majirani. Sisi wazima. Ndama amevunja ua.

Ulichoniuliza mwishoni si cha barua.

Nimefanya kazi ya magari miaka thelathini na moja. Kadi za kazi nimezisoma nyingi kuliko vitabu vya chuo chako. Chanzo cha hitilafu: shimo. Chanzo: dereva. Chanzo: barabara mbaya, mvua, mzigo, vipuri bandia. Kadi iliyoandikwa "fundi" sijawahi kuiona, ya mtu yeyote. Nilipofika mahali hapo katika barua yako nilisimama. Molly akaniuliza nimesimama kwa nini. Nikaendelea kusoma nimesimama hadi mwisho.

Jumapili kanisani nilimwonyesha kila mtu bahasha. Ya ndani sikuwaonyesha. Niliwaambia tu, huyu ni fundi, ni mtoto wa dada yangu.

Opondo

* * *

Kapkatet,
9 Julai 2023

Kwako Mjomba,

Mama amepona, na amekasirika kuhusu jina la ndama. Anasema utamlipa kwa maziwa. Baridi ya Julai imeshuka, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na wachumaji wanaingia mashambani kama watu wanaoingia ziwani, miguu inapotea kwanza, kisha kiuno. Ooko anakusalimu.

Nimelisoma jibu lako la swali langu, na nimelielewa. Sitauliza tena.

Sagini alikwenda Sigor tarehe moja, amevaa tai. Ananipigia simu mara tatu kwa siku. "Adoyo, gari inatetemeka kwa kiti, si kwa usukani, hiyo ni nini?" Namwambia atazame magurudumu ya nyuma. "Adoyo, gari inayumba kwa kona." Namwambia akague bushi kabla hajamtwika mtu gharama ya shokapu mpya. Bethwel alinisikia juzi akacheka peke yake, akaingia ofisini akafunga mlango.

Nilidhani nitazoea kutazamwa. Sijazoea. Nikienda kununua mboga, kuna anayemnong'oneza mwenzake. Kuna wiki mbili hatukupata wateja wa kawaida, na nilikuwa najua ni kwa sababu ya nani, na Bethwel alikuwa anajua kwamba najua. Usiku nilipanga maneno ya kumwambia kwamba nitaondoka mwenyewe, kabla hajalazimika kunifukuza. Niliyaandika hata kwenye karatasi.

Alhamisi asubuhi akaingia mzee na pikapu ya kubeba majani, kofia mpaka machoni. Siku hizi tuna wanagenzi wawili na fundi mpya, Onyiego, mtu mzima mwenye sauti, naye ndiye aliyemkimbilia mzee. Mzee akampita kama mlingoti. Akasimama katikati ya karakana akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza chai:

"Yuko wapi yule msichana aliyeharibu gari ya Mwalimu Rebeccah?"

Bethwel akatoka mlangoni. Nilikuwa chini ya gari, nikajivuta nje, nikasimama. Nilikuwa na oili mpaka kwenye nyusi.

"Ni mimi."

Akanitazama kutoka viatuni hadi juu, bila haraka, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Wewe ndiye uliandika kwa kadi kwamba ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Pikapu yangu iligonga ukingo pale kona ya kiwanda. Watu wanne wameitengeneza, na bado haijapona. Wote wameniambia ni barabara." Akatoa ufunguo akauweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole kwa mkono wake. "Shika. Na mwingine asiiguse."

Mtoto wa dada yako,
fundi,
Jentrix Adoyo